Nilifungua mafundo ya shimo la nguruwe, akatumbukia mwizi, na mahakamani tukashindwa sisi

Wakuu, salaam kwenu wote, na wajukuu zangu mliojificha humu kwa majina ya uongo.

Huu ni mwaka wa pili nasoma tu humu ndani, kwenye simu aliyoniachia mjukuu. Sijawahi kuanzisha uzi. Leo naanzisha kwa sababu tangu juzi mnabishana kama mwenye mali ana haki ya kumfanya mwizi anachotaka, na wengi mnajibu kwa raha sana, kama watu ambao hawajawahi kumfanya mwizi kitu.

Mimi nimewahi.

Ninayoandika ni kweli tupu. Majina nimebadilisha, maana watoto wa wahusika wapo na wengine ni watu wazito sasa. Kujipamba sijipambi, mtaona wenyewe.

Ilikuwa miaka ya sabini, miaka ya vijiji. Nina miaka ishirini na mbili, nimemaliza fomu foo, nimeolewa, nina binti wa miezi minane anaitwa Zaina. Kijiji chetu kilikuwa njia ya kutoka Korogwe kwenda Handeni. Jina lake sitalitaja. Wenyeji watakijua.

Kwa wasiojua: tulipohamishiwa kijijini nyumba zilihama, mashamba hayakuhama. Muhogo wetu ulibaki kule tulikotoka, mahame, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Zamani mtu alilala na shamba lake, nguruwe akikohoa unamsikia. Sasa tukawa tunalala mbali, na nguruwe wakajua hilo kabla hata katibu wa kijiji hajamaliza hotuba.

Halafu kulikuwa na shamba la kijiji. Jumatatu na Jumatano kila mtu na jembe lake, na jina linasomwa. Siku hizo mbili kule mahame hakuna binadamu.

Mume wangu, Hatibu, alikuwa mtu mpole mpaka inakera. Ukimtukana anafikiria kwanza kama una hoja. Lakini kwa mashimo ya nguruwe hakuwa na mpinzani. Anachimba kwenye njia yao wanayoingilia shambani, kina kinampita mtu mzima kichwa, juu anatandika vijiti, nyasi, na udongo mkavu. Ukisimama hatua mbili huoni kitu.

Kwa hiyo mashimo yalikuwa na sheria yake. Wazigua wa kwetu, ukichimba shimo unafunga mafundo ya nyasi ndefu pande zote nne, usawa wa goti. Nguruwe hajui kusoma mafundo. Mtu anajua. Mtoto wa miaka mitano anajua, wafugaji wanaopitisha ng'ombe wanajua, hata wakata mkonge wa kambi za Ngombezi waliotoka mikoa ya mbali walifundishwa wiki ya kwanza. Ukiona fundo unazunguka.

(Nguruwe akinaswa sisi hatumgusi, ni Waislamu. Hatibu alikuwa anatuma habari kambini, wanakuja vijana wanne na mti wa kubebea, wanaimba njia nzima, wanaondoka na nyama yao na sisi tunabaki na muhogo wetu. Kila mtu anafurahi isipokuwa nguruwe.)

Sasa ule mwaka mvua zilikataa. Mahindi yalikauka yakiwa magotini. Tulikuwa tunakula unga wa njano wa mgao, na muhogo. Mimi maziwa yalinikauka kifuani, Zaina anavuta anapata hewa, ananiangalia kama nimemwibia.

Kilichomwokoa ni ng'ombe. Baba yangu alikuwa amenipa mimi, siyo Hatibu, mimi, ng'ombe mmoja mweupe nilipojifungua. Tulimwita Sabuni kwa weupe wake. Alikuwa na ndama, na asubuhi ukimkamua unapata kibuyu kimoja na robo. Ndicho chakula cha mwanangu. Shikeni hilo la kwamba ng'ombe alikuwa wangu, maana kesi yote inasimama hapo.

Basi tukaanza kuibiwa muhogo. Siyo nguruwe. Nguruwe anafukua kama mlevi, huyu alikuwa anang'oa kwa mpangilio, anachagua shina lenye mizizi minene, anachukua, anarudishia udongo na kuusawazisha. Mwizi msafi.

Kilichonipandisha mori ni kitu kimoja. Siku moja nimekwenda kule nikakuta nyayo zake. Zimekuja mpaka kwenye mafundo, zikapinda, zikazunguka shimo kwa adabu zote, zikaendelea kwenye muhogo wangu.

Yaani tumemwekea alama asiumie akija kutuibia.

Nilisimama pale na mtoto mgongoni nikatukana. Mimi sikuwa mpole kama Hatibu.

Hatibu yeye alisema tu, "Ana njaa huyo."

"Na sisi tuna nini?"

Akafikiria. "Na sisi tuna njaa."

"Basi?"

"Basi nini, mama Zaina? Nikalale kule? Jumatano jina langu nani ataliitikia?"

Nguruwe wana akili, shimo likishamla mwenzao hawapiti tena njia ile. Kwa hiyo wiki ile Hatibu alilifukia la zamani akachimba jipya, hatua kama thelathini upande wa pili, karibu na mashina makubwa. Akafunga mafundo yake manne, mazuri, kama anamsuka mtu nywele.

Jumanne nikaenda peke yangu kuchimba muhogo wa siku mbili. Nilipomaliza nikaliangalia lile shimo jipya. Nikayaangalia mafundo.

Nikayafungua. Moja moja. Nikazichana nyasi kwa vidole mpaka zikasimama kama hazijawahi kufungwa.

Sikusema nyumbani. Nilijiambia nitamwambia Hatibu kesho jioni. Nilijua kabisa kesho ni Jumatano.

Jumatano tuko shamba la kijiji, majina yameshasomwa. Jina moja halikuitikiwa, la mtu nitakayemwita Rajabu. Balozi wa nyumba kumi akasema Rajabu kifua kinamsumbua, ameomba ruhusa. Nikakumbuka kwamba Rajabu kifua kilimsumbua Jumatatu pia. Na Jumatano iliyopita. Huyu Rajabu alikuwa anakata mkonge Ngombezi, kifua kikamshinda kweli, akarudi kijijini na mke na watoto wanne. Nyumba ya sita kutoka kwetu. Tulikuwa tunasalimiana kila siku ya Mungu.

Kama saa nne hivi akaja mama mmoja mbio, alikuwa kwenye kuni. Anasema kule mahame kwa kina Hatibu kuna mtu analia chini ya ardhi.

Watu wakacheka kwanza. Mimi sikucheka. Nilitupa jembe.

Tulipofika, Hatibu hakuuliza kitu, alishuka shimoni. Rajabu alikuwa amekaa kwenye matope, mguu wa kulia umepinda pasipo na kiungo, kikapu cha muhogo kimemwagika juu yake. Hatibu akamweka mgongoni, watu wakawavuta kwa kamba. Rajabu analia, na Hatibu anamwambia, "Pole, ndugu yangu, pole, shika shingo," yeye aliyeibiwa ndiye anayeomba radhi.

Halafu Hatibu akasimama, akajifuta mikono, akaangalia nyasi upande huu. Akaangalia upande ule. Akaniangalia mimi.



Wakuu, kugombezwa nimegombezwa sana maishani, lakini ule mtazamo sijausahau.

Rajabu akapelekwa Korogwe kwa trekta la kijiji. Akafungwa plasta kutoka kiunoni mpaka kwenye kifundo. Wakasema miezi, siyo wiki.

Najua kuna mkuu hapo chini atakuja kukomenti kwamba "mwizi ni mwizi, kesi imeisha". Mdogo wangu, tulia, ndiyo kwanza inaanza.

Kaka yake Rajabu, Bakari, mtu mwenye mdomo, akaja kwa balozi. Hakukataa kwamba mdogo wake aliiba. Alisema wizi una kesi yake na mguu una kesi yake. Rajabu atajibu wizi, na Hatibu ajibu mguu. Watoto wanne hawana wa kuwalimia. Wanataka ng'ombe mweupe, aende moja kwa moja.

Nilicheka kwa hasira. Nikamwambia Bakari mbele ya balozi, "Ndugu yako amekuja kuniibia, ameumia katika kuniibia, na sasa unataka nimlipe kwa kuniibia?"

Bakari akasema, "Shemeji, mafundo yalikuwa wapi?"

Nikamhamisha mtoto bega.

Balozi alijaribu kusuluhisha akashindwa. Tukaenda mahakama ya mwanzo.

Siku moja kabla ya kesi ndipo Hatibu alipozungumza. Nilikuwa namkamua Sabuni, yeye amemshika ndama.

"Kesho nitasema niliyafungua mimi," akasema.

"Kwa nini?"

"Ng'ombe siyo wangu. Kijiji kizima kinajua alitolewa na baba yako. Mahakama ikiniona mimi ndiye mkosa, itatafuta changu, na changu ni jembe na baiskeli isiyo na mnyororo. Watasema nikamlimie Rajabu. Nitalima. Lakini mkosa akiwa wewe, ng'ombe anaondoka, na huyu," akaonesha Zaina kwa kidevu, "anarudi kwenye uji wa njano."

Alikuwa amelipiga hesabu wiki nzima peke yake, bila kunilaumu hata mara moja. Nilitamani anizabe kibao, ningejua pa kumshika. Hakunizaba.

Nikasema sawa. Naam, wakuu, nilisema sawa.

Asubuhi tukaenda. Hakimu alikuwa kijana mwembamba, ana wazee wa baraza wawili pembeni, mmoja mzee wa Kizigua mwenye miwani ya kufungwa uzi. Kesi ya wizi ilikwisha haraka. Rajabu aliletwa amelazwa juu ya kitanda cha kamba, akakiri. Hakimu akampa kifungo, akakisimamisha kwa sababu ya mguu, akamwonya asirudie. Faili likafungwa.

Likafunguliwa la pili.

Hakimu akamuuliza Hatibu, "Shimo ni lako?"

"Langu."

"La nini?"

"Nguruwe."

"Uliweka alama?"

"Niliweka."

"Nani aliiondoa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Yalikuwa yamelegea."

Mzee mwenye miwani akainama mbele. "Hatibu, mafundo yako nayajua mimi. Mwaka juzi niliyakuta kwenye shimo la miezi mitatu, ng'ombe amekula nyasi zote akaacha mafundo. Yalegee siku mbili? Yote manne?"

"Yalilegea, mzee."

"Upepo au?"

"Upepo," Hatibu akasema, na jasho linamtoka. Watu nyuma wakaanza kucheka. Mzee naye anacheka, anafuta miwani.

Mimi nimekaa na Zaina mapajani. Namwangalia mume wangu, mtu ambaye tangu anioe hajawahi kudanganya akafika mwisho wa sentensi, amesimama mbele ya watu wote wanaomheshimu, anachekwa kwa ajili yangu. Na maziwa ya mwanangu yako ndani ya ule uongo. Nikinyamaza dakika tano zaidi, Zaina atakunywa kesho.

Nilisimama.

Nikasema, "Mheshimiwa, huyo anadanganya, na mnaona hajui. Mafundo niliyafungua mimi."

Hatibu, bila kugeuka, "Kaa chini, mama Zaina."

"Sikai. Niliyafungua Jumanne, kwa mikono hii."

Hakimu akaweka kalamu. "Ulijua kuna mtu anapita pale?"

"Nilijua. Nilitaka apite."

"Ulitaka avunjike?"

"Nilitaka ashikwe. Mguu sikuufikiria."

"Ulikuwa na hasira?"

"Ninayo mpaka sasa."

Watu wakacheka tena, ila hakimu hakucheka. Akaniambia shamba ni langu na muhogo ni wangu. Ningemkuta Rajabu shambani ningeweza kumkamata, kumpigia kelele, kumnyang'anya kikapu, hakuna ambaye angeniita mahakamani. Akauliza, "Lakini ulipoondoka Jumanne, shimo lilibaki na nani?"

"Peke yake."

"Lilijua anayekuja ni Rajabu?"

Hakungoja jibu.

"Mama mkwe wako kuni anakata upande gani?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma na ugoro wake, akasema kwa sauti kubwa, "Napita hapohapo mimi. Alhamisi ilikuwa zamu yangu."



Wakuu, hapo ndipo hasira iliponishuka mpaka kwenye nyayo. Nilimpenda yule mama. Ndiye aliyenipokelea Zaina kwa mikono yake. Na nilikuwa nimemtegea yeye vilevile kama nilivyomtegea Rajabu.

Wale wazee wakanong'onezana na hakimu. Hukumu ikasomwa. Rajabu alikwenda kuiba, kwa hiyo hapewi ng'ombe, ng'ombe si wake na hatakuwa wake. Lakini shimo la nguruwe likiondolewa mafundo linakuwa limetegwa kwa mtu, na aliyetega anajibu. Ng'ombe wangu aende kwa Rajabu akamuliwe huko, watoto wapate maziwa, mpaka Rajabu aweze kushika jembe. Siku hiyo arudi kwangu na ndama wake. Hatibu amsaidie kulima msimu mmoja.

Tukampeleka Sabuni jioni ileile, jua bado lipo. Hatibu amembeba Zaina, mimi nashika kamba. Njia nzima nalia na kutukana, namtukana Rajabu, Bakari, hakimu, na nguruwe.

Hatibu akasema, "Ungekaa kimya."

"Ungeweza kulala na ule uongo?"

"Ningelala. Wewe ndiye usingelala, na ungeniamsha."

Nikacheka, nikiwa nalia. Huyo ndiye alikuwa Hatibu.

Nilidhani hadithi imeisha hapo. Kumbe hapakuwa na mtu aliyemuuliza Sabuni.

Asubuhi ya kwanza mke wa Rajabu, mama Hadija, alimkamua akapigwa teke. Ya pili alipigwa teke na kibuyu kikapasuka. Siku ya tatu nimekaa mlangoni na Zaina, ameukataa uji wa njano anautema kwenye khanga yangu, naona mama Hadija anakuja anachechemea.

"Hodi."

Sikuitikia. Mama mkwe akaitikia.

"Mama Zaina, njoo umkamue ng'ombe wako."

"Mahakama imesema mkamue nyie."

"Mahakama haijapigwa teke. Anakutaka wewe. Akisikia sauti yako inapita njiani anageuza masikio."

"Akauke basi."

"Akikauka atakuwa amekauka ng'ombe wa nani?"

Nikamwangalia. Alikuwa amekonda kuliko mimi. Akasema, "Njoo na kibuyu chako. Mahakama ilisema tukamue, haikusema tumnyime mtoto."

Nikataka kumwambia sina shida na hisani ya wezi. Mama mkwe akaniwahi, "Nenda. Hasira unazo wewe, mjukuu wangu hana."

Nikaenda. Moyo mzito, uso nimeukunja makusudi ili wauone.

Rajabu alikuwa amelazwa kibarazani, mguu mweupe juu ya kinu. Sabuni aliponisikia akalia, akaja mpaka mwisho wa kamba. Nikakaa chini nikakamua. Nusu nikamimina kwenye kibuyu chao, nusu kwenye changu, nikaondoka bila salamu.

Asubuhi ya pili vilevile. Ya tatu Rajabu akaanza uchokozi.

"Umeamkaje, mama wa shimo?"

Nikakamua tu. Halafu nikashindwa. "Nimeamka salama, mzee wa muhogo."

Akacheka mpaka akashika kifua. Mama Hadija akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Hiyo ikawa desturi. Kila asubuhi, miezi mitano, nilikwenda kumkamua ng'ombe wangu kwenye uwanja wa mwizi wangu. Na kila asubuhi nilimsema. Nilimsema vizuri, sikumbakishia kitu. Alikuwa anasikiliza, wakati mwingine ananikosoa.

"Mashina yangu kumi na tisa."

"Kumi na saba. Mawili alikula nguruwe, usinibambikie."

Siku moja nilimuuliza kwa dhati. "Kwa nini hukuomba?"

Akaangalia mguu wake. "Ungenipa?"

Wakuu, nilitaka kusema ndiyo. Nikasema, "Labda nisingekupa."

"Basi na mimi nilihisi hivyo."

Simtetei. Mpaka leo nasema alikosa, na hata yeye alisema. Angejua nilivyokuwa nahesabu yale mashina kwa ajili ya mtoto asingethubutu. Lakini nilikuwa nawaona watoto wake asubuhi, wanne wamekaa mstari na vikombe vya bati, mdogo kabisa anaketi karibu na kwato za Sabuni bila woga, na nilikuwa najua sasa muhogo wangu ulikwenda kwenye matumbo gani. Kabla ya hapo nilikuwa najua nyayo tu.

Hatibu alimlimia kweli. Jumamosi zote. Rajabu anasogezwa ukingoni mwa shamba kwenye kitanda, anamwelekeza. "Tuta limepinda hilo, ndugu yangu." Na Hatibu anainama analinyoosha. Nilikuwa naona wivu, matuta yangu hayakunyooshwa hivyo.

Plasta ikatolewa. Mguu ukatoka mwembamba kama mpini, umepinda kidogo. Siku aliyolima mstari mmoja mpaka mwisho, hakungoja mahakama wala balozi. Alimfungua Sabuni mwenyewe, akamleta, fimbo mkono mmoja, kamba mkono mwingine, watoto wote wanne nyuma na ndama. Nyumba sita tu, lakini ilimchukua muda.

Akanikabidhi kamba. "Ng'ombe wako, mama wa shimo."

"Asante, mzee wa muhogo."

Mama mkwe akamwekea kigoda akanywa chai ya rangi, akaondoka.

Kesho yake asubuhi nikakaa nyumbani kwangu, uwanjani kwangu, nikamkamua ng'ombe wangu. Nikakijaza kibuyu cha Zaina. Nilipoinuka nikakuta mkono umeshachukua cha pili, na nimeshakijaza nusu.

Nikakiangalia. Nikakimalizia, nikampa Hatibu. "Peleka nyumba ya sita."

Akafikiria kwanza, kama kawaida yake. Akasema, "Kwa amri ya nani?"

"Peleka kabla hayajaganda, usinichoshe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nilichojifunza, nakisema bila sukari. Mtetee mtoto wako na mali yako ukiwa umesimama hapo, kwa macho yako, ukimwona nani anakuja. Sheria itakusikiliza na mimi nitakuwa upande wako. Lakini ukitega kitu ukaondoka, umemtegea yeyote: mgeni, jirani aliyekosea njia, mama mkwe wako. Na akiumia hata mwizi mwenyewe, kosa lake halifuti lako, yanakaa kwenye mafaili mawili. Msinitajie mambo ya "alijitakia". Nilishayasema hayo mbele ya balozi, na ng'ombe aliondoka.

Wanasheria mliomo humu, njooni mniambie kama leo sheria imebadilika. Na wengine ambao mmewahi kusimamishwa mahakamani na mwizi wenu, semeni mliamuliwaje, hata kama mlishindwa. Hasa kama mlishindwa.

Hatibu ametangulia mbele za haki, na Rajabu pia. Mama Hadija yupo, siku hizi anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nimemsomea uzi huu wote kabla sijautuma. Amesikiliza mpaka mwisho, halafu akasema nimejipendelea kwenye yale maziwa: siku nyingi changu nilikuwa nakijaza zaidi, na alikuwa anaona.